Mama Mkwe Aliyekwenda Kukagua Manesi

Saa tatu asubuhi, mhudumu wa afya wa kijiji amekaa kwenye kigoda uani kwa watu, anachambua maharage yasiyo yake. Mjamzito ambaye mhudumu amemfuata yuko hatua kumi tu, anaanika nguo. Mhudumu hajamtupia hata jicho.

"Ukimwendea mjamzito moja kwa moja, umeharibu," ananong'ona. "Hapa mwenye ufunguo ni mama mkwe."

Majirani wanamwita Kiherehere, naye anaitika bila kinyongo. Ana miaka arobaini na saba. Kwa miaka kumi na moja amezunguka vitongoji sita kwa miguu, akimaliza pea nne za kandambili kila mwaka. Posho ya kazi hii, anasema, inatosha pea tatu.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa nyumbani, sakafuni, akaishi siku mbili. Hilo analisema mara moja tu, kisha anarudi kwenye maharage.

Mkaza mwana wa nyumba hii ana mimba ya miezi minane na hajakanyaga kliniki. Miguu imevimba hadi viatu vimemkataa, na kichwa kinamgonga tangu juzi. Mama mkwe anaujua ugonjwa huo: uvivu. Yeye alijifungua saba chumbani mwake, bila kuguswa na glavu ya mtu.

Kiherehere habishi. Anamsifia wote saba, mmoja mmoja, halafu analia shida: manesi wa zahanati ni watoto wadogo, hawana mtu mzima wa kuwakagua. Mama hawezi kupita kesho awaangalie? Na kwa kuwa hawezi kukagua hewa, si aende na mkwewe.

Kesho yake saa mbili mama mkwe alikuwa zahanati, kavaa gauni la harusini. Sharti lake lilikuwa moja: mkwewe hafanyiwi kitu kabla yeye hajafanyiwa. Alipanda mizani na mkoba wake, akagoma kuuweka chini. Alipopimwa presha ikaja mia na ishirini kwa themanini, akaitangazia foleni nzima.

Ikafika zamu ya mkwewe. Nesi alipima, akapima tena. Mia na sabini kwa mia na kumi.

"Mimi mzee mia na ishirini, huyu mtoto mia na sabini?" mama mkwe aliuliza. "Hicho chombo chenu kizima kweli?"

Akanyoosha mkono wake apimwe upya. Mia na ishirini ileile.

Sauti ikamshuka. Nesi akaeleza kuwa presha hiyo inaweza kuleta kifafa cha mimba na kumwua mama na mtoto, kwa hiyo anatakiwa hospitali sasa hivi. Hakuachwa amalize.

"Sasa tumekaa tunapiga soga za nini, binti?"

Gari la wagonjwa lilipofika, mama mkwe alipanda mbele. Dereva anasema tangu apate leseni hajawahi kufundishwa kuendesha namna ile.

Jioni hiyo mtoto wa kike alitolewa kwa upasuaji, kilo mbili na robo. Siku ya kumi na moja walirudi nyumbani, mama na mwana wazima. Sasa mama mkwe humwuliza kila mjamzito anayepita njiani presha yake ni ngapi, na asiyejua hurudishwa kliniki.

Kiherehere ana ombi moja kwa wakubwa wa zahanati.

"Waniwekee benchi ukumbini, liandikwe Mama Wakwe. Wakishakaa wao pale, wajawazito watakuja tu."

Benchi halijachongwa bado. Mama mkwe ameshatuma mtu kuuliza kama litakuwa na pa kuegemea.