Goti Lisilopigwa Saruji

Saa tatu asubuhi, kwenye bafu la nyumba inayojengwa, fundi vigae wa miaka hamsini na tisa amesimama akipanga vigae vya ukutani. Nyuma yake wenzake wamepiga magoti sakafuni. Hawamtazami.

"Naona haya," anasema kwa sauti ya chini. "Sakafu ndiyo ilinilea miaka thelathini. Leo napita juu yake kama mgeni."

Kazi hiyohiyo ndiyo iliyomla magoti. Gegedu la goti la kulia lilisagika hadi mifupa ikawa inasuguana, na mwaka juzi akawekewa goti la bandia. Daktari alimweleza kuwa halitashikizwa kwa saruji: chuma chake kina vitundu vidogo, na mfupa wenyewe utamea humo ukikamate. Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Fundi wa saruji kuwekewa goti kavu!

Mfupa ulikamata, picha ya eksirei ilionyesha. Usiku analala, ngazi anapanda. Ila kupiga magoti hawezi. Akijaribu, ni kama anakandamiza kidonda kibichi.

Hilo alilificha. Ndugu walimuuguza kwa zamu, na kulalamika aliona ni kukosa shukrani. Swahiba wake, fundi mwenzake anayechechemea vilevile, alipokuja kumwuliza, alitembea mbele yake sebuleni kifua mbele, akamwambia goti ni jipya kabisa. Swahiba akaenda kuomba siku ya upasuaji, huku akimwahidi mkewe kuwa atarudi sakafuni.

Mke wa fundi ndiye aliyemshika pabaya. "Mficha maradhi kilio humuumbua," alimwambia. "Na hapa atakayelia ni mwenzio."

Akaenda kwa swahiba, macho chini, akasema yote. Swahiba akauliza kama kweli usiku analala.

"Nalala."

"Basi nitakwenda. Lakini ungeniambia, ndugu yangu."

Neno hilo bado linamchoma. Anapolisimulia, anageukia ukuta na kufuta kigae ambacho tayari ni kisafi.

Swahiba anapasuliwa wiki ijayo, na fundi ameomba ruhusa kazini akakae naye wodini.

"Akipona nitamfundisha kuta," anasema. "Sakafu tuwaachie wenye magoti. Na safari hii akiniuliza, nitamwonyesha panapouma."