Mpima Oili wa Nyumbani Kwetu

Harufu ya oili iliyoungua huwafanya watu wengine wakunje pua. Mimi hunifanya nitabasamu. Juzi nilisimama Gilgil kujaza petroli, kijana wa pampu akafungua boneti, akachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, na kuniletea dirishani. "Madam, oil iko chini sana. Niongeze?" Kabla ya kuitazama dipstiki, niliitazama ardhi. Gari lilikuwa limeinama kidogo. Nikamwambia angoje nilisogeze penye saruji, naye akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa na akili. Hakujua, maskini, kwamba alikuwa akizungumza na mpima oili rasmi wa pikapu ya baba yangu.

Na cheo hicho, jamani, hakikuwa cha mchezo. Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Elburgon, na pikapu ndiyo iliyotulisha. Baba alibeba mbao na viazi vya majirani hadi Nakuru. Stata yake, ya kuwashia injini, ilikuwa mgonjwa wa kudumu, na baridi ya kwetu alfajiri inauma masikio, kwa hiyo kila jioni baba aliegesha pikapu kwenye mteremko wa boma, pua ikiangalia lango. Asubuhi aliondoa jiwe gurudumuni, pikapu ikateleza, akaachia klachi, ikakohoa na kuwaka.

Lakini jiwe halikuondolewa kabla sijafanya kazi yangu! Baba alinipa kitambaa, kipande cha shati lake kuukuu, akanisimamisha juu ya ndoo. Nilichomoa dipstiki, nikaipangusa, nikaitumbukiza, nikaichomoa tena, kisha nikatangaza matokeo kama msomaji wa habari redioni.

"Oili iko wapi, Chebet?"

"Chini ya alama, Baba!"

Naye akaongeza bila kuja kuangalia. Neno langu lilitosha. Ndugu zangu walikamua ng'ombe na kuosha masufuria. Mimi nilipima oili. Niliringa, sikatai.

Shida ni kwamba kila asubuhi ilikuwa chini ya alama. Pikapu ilikunywa oili kama ng'ombe aliyetoka kulamba chumvi, na ikipanda mlima ilitoa moshi wa samawati hadi watoto wa shule wakaziba pua. Fundi wa mtaani alisikiliza injini akatikisa kichwa: ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe yote. Baba hakuwa na uwezo huo. Akaamua kuiuza. Mtu mmoja wa Salgaa akaja, akapiga magurudumu teke, akasema atarudi Jumamosi kuichukua. Usiku ule nililia hadi mto ukalowa. Pikapu ikienda, baba angefanya kazi gani?

Ijumaa baba akaamua kumwona kwanza Mzee Jaswant, fundi wa Nakuru aliyerithi gereji kwa babake. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nikang'ang'ania kwenda. Mgonjwa hapelekwi hospitali bila nesi wake!

Sakafu ya gereji ile ilikuwa ya saruji, sawa kama meza. Mzee Jaswant hakugusa spana. Aliagiza chai, akaiacha injini itulie, ndipo akachomoa dipstiki. Akaitazama. Akaipangusa, akarudia. Kisha akamwita baba.

"Mzee, hii gari haina njaa ya oil. Imeshiba mpaka inatapika."

Oili ilikuwa imepita alama ya juu, mbali kabisa. Akatueleza kwamba ikizidi hivyo, injini huipigapiga ikawa povu, povu likavutwa hadi mahali pa kuchomea petroli, na moshi ndio huo. Akauliza tunaiegesha wapi. Baba akamweleza habari za stata na mteremko. Mzee Jaswant akaanza kucheka kabla hajamaliza.

"Sasa nani hupimanga oil?"

Nikatoa kifua mbele, nikafungua mdomo.

"Mimi," akasema baba.

Wizi wa mchana kweupe! Nilitaka kupinga, lakini mkono wake ulinikaa begani, ukaminya.

"Wewe mtu mzima! Unapima gari ikiwa imeinamisha kichwa? Oil yote imekimbia mbele, na kijiti kiko nyuma!" Mafundi wakatoka chini ya malori kuja kumwona mtu huyo. Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Baba naye alicheka, akijikuna kisogo.

Wakapunguza oili hadi kwenye alama, kisha Mzee Jaswant akatutuma Salgaa na kurudi. Nilipiga magoti kitini nikiangalia nyuma. Mwanzoni moshi ulitufuata. Tukaanza kupanda mlima, ukawa uzi. "Baba, unakatika! Baba, umekatika!" Tuliporudi, injini ikatulia, dipstiki ikatoka: oili palepale kwenye alama. Nilipiga kelele, nikarukaruka kwenye saruji ile, na baba akapiga honi barabara nzima hadi nyumbani.

Jumamosi mnunuzi alitukuta na majembe, tukisawazisha ardhi karibu na mteremko ili pikapu ipimwe pasipoinama kabla ya kuegeshwa. "Imepona," baba akamwambia. "Hatuuzi." Ringi hazikuwa na neno, na ile pikapu ilitusomesha wote.

Lakini kwa siku mbili sikumsemesha baba. Aliniibia cheo changu mbele ya watu! Jioni ya Jumapili pikapu ilipofika uwanjani petu papya, alileta ndoo na kuninyooshea kitambaa. "Oili iko wapi, Chebet?" Nikapima. Hakuja kuangalia.

Sasa nina duka la mbao Nakuru. Mwaka jana mteja alirudi akifoka, mbao zake zimekatwa fupi, paa halifiki. "Nani alipima hizi?" aliuliza. Nyuma yangu alisimama Mercy, msichana niliyemwajiri wiki iliyotangulia, futi ya kupimia ingali mkononi mwake.

"Mimi," nikasema.

Neno lilinitoka lenyewe, na papo hapo nikausikia ule mkono begani. Miaka yote hiyo nilidhani baba aliniibia. Machozi yakanilenga, mteja akadhani ni kwa sababu ya makelele yake, akapunguza sauti.

Kesho yake asubuhi nilimpa Mercy futi akapime mbao nyingine za mtu yule. Mimi nilikwenda kunywa chai.