Siku Baba Alipogeuzwa Mjomba wa Jaya

Enzi zetu kule Tanga sikio halikutogwa hivihivi tu. Nimekumbuka kwa sababu jana mjukuu wangu kaingia hapa kwangu London, Tottenham, kutoka Stratford, pua inang'aa kipini. Nitamrudia huyo.

Jirani zetu walikuwa Wahindu, na Jaya wao ndiye shoga yangu wa kucheza mdako. Siku ya kumtoga masikio nilijikaribisha mwenyewe; shule ilinishinda, lakini umbeya haukunishinda. Samli inanukia hadi njiani. Sonara kakaa mkekani na sindano yake ya dhahabu, bibi yake Jaya anatwanga manjano ya kupaka kidonda. Nikamuuliza mbona kwao hata wavulana hutogwa.

"Masikio yafunguke, wasikie maneno mema. Mvulana la kulia kwanza, msichana la kushoto. Na wewe kaa chini!"

Sasa, kwa desturi yao mtoto hupakatwa na mjomba, kaka wa mama. Naye mjomba kakwama njiani, mvua imekata reli, na saa njema waliyopangiwa na kuhani inapita. Mama Jaya machozi yanamlenga. Ghafla akatoka mbio hadi barazani kwetu, baba yuko kwenye cherehani.

"Kaka, nguo yangu ya harusi si ulishona wewe?"

"Nilishona, dada."

"Basi ya kaka ulishanifanyia; leo mjomba ni wewe. Njoo umpakate mwanao."

Baba akavua kobazi, akanawa, akampakata. Sindano ikaingia. Jaya anatafuna zake sukari guru; aliyepiga ukelele ni baba!

"Mjomba, vumilia," sonara akamwambia, "bado la pili."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tangu hapo hadi baba anaingia kaburini, Jaya alimwita Mjomba, na sikukuu zao sahani ya ladu, vile vitamu vyao vya mviringo, ilianzia kwetu.

Haya, mjukuu. Mama yake kagomba sana. Mimi nilitaka kujua tu.

"Ulipakatwa na nani?"

"Nobody, Bibi! Ni kiti tu. Nilishika simu."

"Iliuma?"

Akainama. "A bit. Nusura nilie."

Nikajipigapiga pajani. Msichana mzima wa chuo, akacheka, akaja kukaa, magoti yangu yakalalamika. Kipini kizuri, sikatai. Lakini sisi tundu la sikio lilituachia undugu. Yeye la pua limemwachia risiti na kichupa cha maji ya chumvi ya kuoshea kidonda.