Lango Limevunjika

Filamu ya Suryakhadga ilipigiwa debe mwaka mzima. Bango lake lilifunika hata kituo cha mafuta cha mji mdogo wa Barshi, shujaa kavimbisha kifua, upanga mkononi, ukimwangalia unadhani anakuja kuichukua wilaya. Redioni walitangaza idadi ya farasi na tembo na mabilioni ya rupia yaliyomwagwa, kana kwamba mtu hukata tikiti ili akatazame gharama. Ikatoka Ijumaa. Kufikia Jumatatu ilikuwa imedoda vibaya sana, na vijana wa soko la vitunguu walikuwa wakiziigiza hotuba za shujaa huku wakijikwaa makusudi.

Vandana Shitole hakucheka, maana yeye mwenyewe alikuwemo katika filamu hiyo.

Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa Mumbai akianguka kwa niaba ya waigizaji wenye majina. Walimrusha dirishani, wakamburuta kwa farasi, akavunjika mbavu, na kamera siku zote ikamtazama kisogoni, kwa kuwa uso unaotakiwa ulikuwa wa mtu mwingine. Mama yake, Parubai, muuza vitunguu, aliona haya kuieleza kazi ya namna hiyo. Wanawake wa mtaani wakimuuliza habari za binti yake, alijibu kwamba ni nesi katika hospitali kubwa. Uongo huo ulimuuma Vandana kuliko mbavu, na siku moja akamkabili mama yake.

"Siku nitakapouona uso wako kwenye lile pazia, nitasema," Parubai alimjibu. "Kabla ya hapo nikamwambie nani kwamba nina mtoto asiye na uso?"

Sasa uso ulikuwa umepatikana. Katika Suryakhadga, mbali na kuanguka badala ya malkia, Vandana alipewa kipande chake mwenyewe: mlinzi wa ngome anayemkimbilia mfalme, damu usoni, na kusema, "Lango limevunjika." Maneno mawili tu. Aliyafanyia mazoezi usiku na mchana, mpaka wenzake wa chumba wakatishia kwamba kitakachovunjika sasa ni kichwa chake.

Jumanne asubuhi alishuka kwenye basi kwao Barshi, akaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa sinema. Mzee Attar, mwenye ukumbi, alikuwa amekaa mlangoni akifukuza nzi. Hakuzunguka mbuyu. Filamu inaondoka kesho, alisema, na leo hawashi mashine bila watu kumi na watano. Jana walikuja watatu, na mmoja wao alikuja kuchaji simu.

"Nikikuletea hao kumi na watano?"

"Binti, mwenye filamu mwenyewe kawakosa."

"Mimi si mwenye filamu, mjomba. Wewe washa feni."

Alianza na wapagazi wa sokoni. Ilikuwa Aprili, jua linachoma mpaka nyayo, naye aliwaambia kuwa tikiti ni juu yake, feni ni kubwa, na hakuna atakayewaamsha. Wakamfuata bila kuuliza jina la filamu. Wanawake wanaoimba nyimbo za ibada pamoja na mama yake walikuwa wagumu zaidi, wameshasikia kwamba ni filamu ya hovyo.

"Ni ya hovyo kweli," Vandana alikiri. "Lakini mtaisengenyaje vizuri kama hamjaiona?"

Hapo hakuna aliyebaki nyumbani. Parubai alikuja wa mwisho, kajitanda ncha ya sari, akaketi karibu na bintiye.

Wapagazi walikuwa wanakoroma kabla majina hayajaisha kupita. Kelele, tembo, kelele tena. Vandana aliujua mpangilio wote. Adui walileta gogo, wakaligonga lango mara ya kwanza, mara ya pili, na ghafla shujaa akawa bondeni anacheza katikati ya maua. Wanawake wakaangua kicheko. Vandana alingoja, akijiambia labda kipande kimesogezwa mbele. Wimbo ulipokwisha, akainuka na kupanda ngazi hadi chumba cha mashine.

Mzee Attar aliinamisha macho. Watu walilalamika kwamba filamu ni ndefu, alieleza, basi juzi wenye filamu wakaagiza itumike ile iliyopunguzwa. "Sikujua kwamba waliyemkata ni wewe, mwanangu."

Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka. Basi la kurudi Mumbai lilikuwa limesimama nje, angeweza kupanda na kwenda zake. Lakini watu hawa kawaleta yeye, na mama yake alikuwa kule chini gizani. Akapiga moyo konde, akarudi kwenye kiti.

"Wamenitoa, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Uso wangu haumo tena. Ila siachi kazi hii. Nitaupata kwingine."

 Parubai alikuwa anatazama pazia, ambako vita vya mwisho vilikuwa vimepamba moto. Malkia akachomwa mkuki, farasi wake akasimama kwa miguu ya nyuma, naye akaporomoka kwenye mawe akibingirika, kisogo kwa kamera. Parubai akaushika mkono wa Vandana kwa nguvu.

"Hapo uliumia."

"Mama, huyo ni malkia."

"Malkia wa wapi! Tangu unaanza kutembea ulikuwa ukianguka hivyo hivyo, unaficha kidevu kwanza, halafu ndipo unalalia ubavu. Nani aliyekuwa akikuokota?"

Akajifuta macho kwa ncha ya sari kama mtu aliyekasirika, kisha akasimama katikati ya ukumbi na kuwageukia wanawake wenzake.

"Huyo aliyeanguka ni Vandana wangu. Hiyo ndiyo kazi yake."

Yamunabai, jirani wa ukuta mmoja, akaacha kutafuna tambuu. "Si ulituambia ni nesi?"

"Niliwadanganya," akasema Parubai. "Tazama mbele, anainuka."