Pindo la Sanduku la Muthoni

Bado naikumbuka siku niliyompeleka dada yangu Muthoni shule ya bweni kule Kerugoya, mwanangu, na nikiikumbuka huwa natazama chini, hata nikiwa peke yangu.

Wazazi wetu walikuwa wametutoka. Mimi ndimi mkubwa, kwa hiyo niliacha shule ili wadogo wangu wasome, nikawa nafanya kazi ya bati kwa Mzee Kariuki pale Chaka. Tulitengeneza mifereji ya maji ya mvua na masanduku ya wanafunzi. Bati hukunjwa hivi: unachora mstari, unalilaza juu ya kipande cha reli, kisha unaligonga polepole kwa nyundo ya mti, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukiwa na haraka, linakunjamana. Na pembeni unaacha upana wa kidole, unaukunja kwa ndani na kuulaza. Hilo ndilo pindo. Bila pindo, bati lililokatwa kwa mkasi hukata kama kisu.

Sanduku la Muthoni nilitaka liwe kubwa. Niliogopa watu waseme, tazama mayatima na kisanduku chao. Bati lilikuwa moja tu, basi nikaamua kutokunja pindo la mdomoni, ili ule upana wa kidole uongeze kimo. Upana wa kidole, mwanangu!

Mzee Kariuki alipita akacheka. "Ndirangu, hii ni sanduku ama ni nyumba ya kuku?"

"Ni ya Muthoni, mzee. Anaingia fomu wani."

"Na pindo iko wapi?"

"Nitapiga tupa, halafu nipake rangi. Nani ataona?"

Akaacha kucheka. "Pindo hakuna mtu huona, kijana. Ni mkono hujua."

Nikaitikia, "Ndio, mzee." Alipoondoka, nikapaka rangi ya buluu.

Siku ya kuripoti, wanafunzi walipangwa uwanjani, mwalimu akikagua vitu vyao. Muthoni aliingiza mkono kutoa taulo, na ule mdomo wa bati ukamchana kiganja. Niliiona damu ikidondokea soksi zake mpya. Akafumba ngumi haraka.

"Nini hiyo?" mwalimu akauliza.

"Nilijikata na panga nyumbani, mwalimu, nikikatia ng'ombe nyasi. Imefunguka tu."

Hatukuwa na ng'ombe.

Mwalimu akalitazama sanduku. "Kubwa hivi! Nani alikutengenezea?"

"Ni ndugu yangu," Muthoni akasema, akininyooshea mkono usio na jeraha. "Huyu hapa."

Wazazi wa wanafunzi wengine wakageuka. Mwalimu akanipa mkono, akanisifu. Nami nikapokea sifa hizo, nikashukuru, nikarudi Chaka na kumwachia dada yangu kisu kile cha bati akifungue kila asubuhi muhula mzima.

Alipokuja likizo nililikunja pindo. Sanduku likapungua upana wa kidole, na hakuna aliyeona tofauti. Nilimwomba msamaha, akacheka, akasema yalikwisha. Kwake labda.

Mwaka huu alikuja kwangu, sasa mama wa watu, kuchukua sanduku nililomtengenezea binti yake. Hakulitazama rangi wala kimo. Alipitisha kile kiganja chenye kovu kwenye mdomo wote wa sanduku, polepole, pembe hadi pembe, nami nimesimama pale na mvi zangu nikingoja kama mshtakiwa.

"Hii iko sawa," akasema.

Mwanangu, unapomfanyia mtu kazi, fikiria mkono wake kabla ya macho ya wanaopita. Usiibe pale pasipoonekana ili upate cha kuonyesha. Na ukikosea, sema papo hapo, hata kama wanakupigia makofi; mimi nilinyamaza, na kimya hicho sijaweza kukinyoosha mpaka leo. Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayeishika kazi yako aishike bila kuogopa.