Nyuma ya Tangi la Maji

Juzi mjukuu wangu Rehema alitolewa vyuma vya meno. Miaka miwili alikuwa anacheka ameziba mdomo kwa kiganja, na sasa meno yamepangika kama mahindi mabichi. Mazuri, sifichi, ni damu yangu. Lakini alipochukua tarumbeta ya bendi ya shule, ilitoa sauti ya mbuzi anayekabwa. Akapuliza tena. Upepo mtupu, na mate. Nilikuwa jikoni namenya ndizi za matooke, kisu kikasimama mkononi.

"Jajja, huu mdomo si wangu!" akanililia mimi bibi yake.

Sauti ile naijua. Niliwahi kuitoa mimi mwenyewe, nikiwa na miaka tisa hivi, katika kambi ya jeshi Makindye.

Baba yangu alikuwa askari, Mualuri wa Nebbi. Kila Jumapili watu wa kwetu walikusanyika uwanjani kupuliza agwara, pembe ndefu za mti. Kila pembe ina sauti moja tu, na kila mtu ana pembe yake. Unatoa sauti yako mahali pake, unanyamaza, mwenzako anaingia. Mmoja akikosekana, wimbo unabaki na pengo. Sisi watoto tuliwaiga jioni kwa vibuyu virefu tulivyotoboa wenyewe. Tulikuwa sita. Changu kilikuwa kidogo kuliko vyote, sauti yake kali kama pilipili, na ndicho kilichofunga wimbo. Niliringa nacho mpaka mama akasema, "Ringa tu. Kibuyu nacho huwa kinapasuka."

Kibuyu hakikupasuka, ulipasuka mdomo. Nilianguka kutoka juu ya ukuta wa bomba la maji, meno mawili ya mbele yakalegea. Dresa wa kambi, mfunga vidonda mwenye vidole vya kunuka dettol na sigara, akayafunga kwa waya na meno ya jirani. "Usitafune, usicheke, usipulize," akasema. Nikanywa uji mpaka nikauchukia. Na Onega, mkubwa wetu, mvulana wa miaka kumi na miwili aliyejiona jenerali, akampa nafasi yangu Ayerango, msichana mpole wa nyumba ya pili. "Wimbo haungoji meno yako," akaniambia.

Siku waya ulipotolewa nilitoka kwa dresa mbio, nikachukua kibuyu changu, nikasimama katikati ya wenzangu. Nikapuliza. Fuuu. Meno yalikuwa yanateleza, mdomo mpana kama nyumba iliyohamwa, na midomo haikujua ishike wapi.

"Hiyo si sauti," Onega akasema, "ni ushuzi wa punda!"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Ayerango peke yake hakucheka, na kwa hilo nikamchukia kuliko wote.

Basi nikahamia nyuma ya tangi la maji. Chuma chake kilikuwa na joto la mchana, kinanuka kutu, na chini yake palikuwa na matope na vyura. Kila jioni nilipuliza pale mpaka midomo ikafa ganzi. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Mama alikuwa na mtoto mchanga, baba yuko lindo. Polepole sauti ikarudi. Nikawa nawasikiliza wenzangu upande wa pili wa mabati ya tangi, na mahali pangu palipofika, nikapuliza pamoja na Ayerango. Sauti yake ilifunika yangu, hakuna aliyejua.

Jioni moja mahali pangu pakafika, Ayerango akanyamaza. Sauti yangu ikapita juu ya mabati peke yake, kali, safi. Nikashtuka. Wimbo ukazunguka tena, akanyamaza tena. Nikacheka kimoyomoyo: ameshindwa, mjinga yule! Sasa watakuja kunibembeleza.

Nikangoja waniite. Jioni tatu alinyamaza, jioni tatu nilijaza pengo kutoka nyuma ya tangi, na sikusogeza mguu. Nilitaka kusikia jina langu. Hakuna aliyeliita. Jioni ya nne Ayerango akapuliza mwenyewe, na pengo likafungwa. Haukupita muda, baba akahamishwa. Kibuyu nilikiacha juu ya tangi. Sikumuaga mtu.

Nilikuja kuelewa nikiwa mama wa watoto wanne, siku tulipomzika baba kule Nebbi. Wazee walipuliza agwara, na kila wimbo ulipozunguka palikuwa na mahali pa kimya. Nikamuuliza baba mdogo, "Nani anasahau zamu yake?"

Akanitazama kana kwamba nimekulia Ulaya. "Hakuna anayesahau. Hiyo ni pembe ya baba yako. Kwetu mtu haitwi kwa mdomo, binti. Anaachiwa nafasi."

Nikakaa chini kwenye vumbi, nikalia. Watu wakasema, tazameni binti anavyompenda baba yake. Nilimpenda, ndiyo. Lakini kilio kile kilikuwa na mtu mwingine ndani yake, msichana mpole aliyeniita jioni tatu, nami nimekaa na vyura nangoja jina.

Leo asubuhi Rehema amejifunika blanketi. Hataki mazoezi ya bendi.

"Kiti chako wamempa mtu?" nikamuuliza.

"Hapana, Jajja, kipo wazi tu. Lakini hakuna hata mmoja aliyenipigia simu."

Nikamvuta blanketi, nikamtupia viatu.