Malisho Yaliyobaki Bila Chai

Katikati ya miaka ya tisini chuo kilifungwa ghafla kwa sababu ya mgomo, nikarudi nyumbani Mogogosiek. Nilimkuta baba akipima malisho kwa miguu. Yalikuwa kwenye mteremko unaoshuka mtoni, sehemu pekee ya shamba letu ambayo haikuwa na chai.

"Tunapanda yote," akaniambia. "Miche iko tayari."

Nilikuwa nasomea mimea, na tulikuwa tumeagizwa tuchunguze nyasi za asili popote tutakapozipata. Nilikulia kwenye malisho yale nikidhani ni nyasi tu. Siku hiyo nilichomeka vijiti vinne, nikavizungushia kamba, nikapiga magoti ndani ya ule mraba na kuanza kutenganisha jani na jani. Kulikuwa na klova, mmea wa majani matatumatatu na maua ya waridi, iliyotambaa chini, nyasi za kila namna, vimaua vya buluu visivyozidi kichwa cha kiberiti, na okidi yenye maua ya kijani ambayo ningeikanyaga bila kujua. Mimea mingine sikujua majina yake kwa lugha yoyote. Nilipoinuka, sketi imelowa, nilikuwa nimeamua kwamba pale hapalimwi.

"Baba, niachie huku chini mpaka mvua ndefu iishe."

"Maua hayauzwi."

"Na ng'ombe hawali chai."

Mama alikuwa akikamua hapo karibu. Alicheka mpaka ng'ombe akashtuka. "Hapo amekushika," akamwambia baba. Maziwa yalikuwa kazi yake mama, na baba hakupenda kubishana naye kuhusu ng'ombe. Akakubali shingo upande.

Nilizungushia nusu ya malisho ua wa seng'enge ili ng'ombe wasikanyage mimea yangu. Mikono ilichubuka, mama akalalamika kwamba nimewanyima ng'ombe chakula, lakini sikurudi nyuma. Mvua ikanyesha, nyasi zikapanda hadi kiunoni. Nikajisifu.

Kisha nikaweka kamba tena, ndani ya ua. Nilipapasa chini ya zile nyasi ndefu nikakuta giza na majani yaliyooza. Klova ilikuwa imekufa. Okidi haikuwepo. Nikatoka nje ya ua, pale ng'ombe walipokuwa wakila kila siku, na kule mimea midogo yote ilikuwa hai, inapata jua.

Nililia, siwezi kuficha. Halafu nikachukua koleo nikaanza kung'oa seng'enge.

Baba alikuja akasimama. "Umeshindwa?"

"Sijashindwa. Nyasi ndefu ndizo zinaua zile fupi. Ng'ombe wakizila, zote zinaishi. Warudi, lakini tuwahamishe wasimalize pahali pamoja."

Akashika ncha ya pili ya waya.

Tangu hapo mimi na mama tuliwafunga ng'ombe kwa kamba, leo hapa, kesho pale. Chuo kilipofunguliwa, mama aliendelea peke yake. Klova ilirudi mapema. Okidi ilichelewa mpaka nikakata tamaa, kisha likizo moja nikaikuta imesimama karibu na mto.

Baba alipanda chai upande wa juu tu wa malisho, pale karibu na barabara. Majirani walipomuuliza kwa nini ameacha ardhi nzuri hivyo ikae bure, aliwajibu, "Haikai bure. Iko na kazi yake," akaendelea kuchuma.